AFRIKA au HAKUNA MATATA: gemu ya porini ya PS3 inayotafutwa kwa tochi ng'ambo

Leo siasa naziweka pembeni, nataka tuongelee diski moja ambayo inawezekana kabisa unayo nyumbani na unaifanyia kisahani cha kikombe cha chai.

Mshikaji wangu mmoja pale Katoro ana kibanda cha gemu. Alinunua PS3 ya mtumba ikaja na mfuko wa diski. FIFA zikawekwa kazini siku hiyo hiyo. Ila kulikuwa na moja imeandikwa Hakuna Matata, na yeye akajua ni ile katuni ya simba. Ikakaa chini ya meza miezi kibao, mpaka siku akaniambia nimpelekee mdogo wangu akaangalie. Naigeuza, naona alama ya PS3. Nikaenda kafe kuperuzi, na nilichokuta ndicho hiki.

Jina lake la kwanza ni Afrika. Sony waliionyesha mara ya kwanza kwenye maonyesho ya E3 kule Marekani mwaka 2006, miezi michache kabla PS3 yenyewe haijaingia sokoni. Iliyoitengeneza ni studio ya Kijapani inaitwa Rhino Studios, ikatoka Japani tarehe 28 Agosti 2008. Toleo la Asia ndilo lilipewa jina la Hakuna Matata. Marekani ilichelewa mpaka Oktoba 2009, na wala hawakuitoa Sony wenyewe, waliitoa kampuni ya Natsume, wale wa gemu ya kilimo ya Harvest Moon. Ulaya haikutoka kabisa.

Sasa unachezaje? Huna bunduki, huna adui. Wewe ni mpiga picha. Unakaa kambini kwenye mbuga ya savana, unapokea barua pepe ya kazi: tunataka picha ya twiga anafanya hivi, kiboko anafanya vile. Unatoka na gari, unanyemelea, unapiga, unatuma. Picha inapimwa kwa pembe uliyopigia, umbali na mambo kama hayo, halafu unalipwa. Ukipata mkwanja unanunua kamera na lenzi kali zaidi, na kamera zenyewe ni za Sony za ukweli, zile za Alpha. National Geographic nao waliweka mkono wao humo ndani, kwa hiyo unapata na maelezo ya wanyama. Ukienda pupa, swala wanakimbia na kazi imekwisha. Inataka subira.

Tulipoiwasha mara ya kwanza wateja wa FIFA walicheka sana. "Gemu gani haina goli?" Lakini kuna jamaa mmoja mchimbaji, katoka duarani na vumbi lake, akalipia nusu saa akakaa kimya anaangalia tembo wanapita. Akaongeza nusu saa nyingine. Alipomaliza akaniuliza hapo ni wapi. Nikamwambia ni mbuga ya kubuni, ila mfano wake ni kama huku kwetu, Serengeti. Akasema hajawahi kufika.

Na mimi sijafika! Hili liliniuma kidogo. Mpaka mwaka 2012, kabla Simiyu haijakatwa kuwa mkoa wake, mkoa wetu wa Shinyanga ulikuwa unagusa Serengeti kwa upande wa Bariadi na Meatu. Kilomita za mraba zaidi ya 14,000 za wanyama zipo mlangoni, na wengi tuliosoma huku tumemaliza fomu foo tukiwajua kwa picha za kitabuni tu. Halafu mtu wa Osaka ameketi sebuleni kwake anajua simba anawinda vipi. Sisemi ni kosa la gemu, nasema tu inachekesha.

Turudi kwenye thamani. Kwa nini wakusanyaji wanaihangaikia? Kwanza nakala zake si nyingi kama za gemu za mpira, na Ulaya nzima ilibidi iagize nje. Hilo liliwezekana kwa sababu gemu za PS3 kwa kawaida hazifungwi kwa nchi, diski ya Japani inacheza kwenye mashine ya Marekani bila shida. Pili, haijawahi kufanyiwa toleo jipya. PS4 na PS5 hazisomi diski za PS3, kwa hiyo anayetaka kuicheza kihalali anatafuta mashine ya zamani na diski yenyewe. Tatu ni muziki. Aliutunga Wataru Hokoyama, umepigwa na okestra kubwa ya watu halisi, na kuna watu wanaitafuta gemu kwa ajili ya muziki tu. Nimeusikiliza kwa hedifoni za kafe zinazosikika upande mmoja, na bado nikasisimka.

Kuijua ni toleo gani, angalia herufi za namba iliyo kwenye diski au ubavuni mwa kasha. BCJS ni Japani, BCAS ni Asia, BLUS ni Marekani. Kwa mtu asiyejua Kijapani, matoleo mawili ya mwisho ndiyo ya kucheza, la kwanza ni la kuweka kabatini. Bei sitaji, maana inapanda na kushuka. Ingia eBay, usiangalie bei wanazoomba, chagua zilizokwisha uzwa. Utaona kuwa diski tupu na diski yenye kasha, karatasi ya jalada na kitabu chake ni vitu viwili tofauti kabisa kwa bei.

Na hapa wengi tunaharibu. Tumezoea diski za PS2, ikikwaruzika unapaka dawa ya meno unasugua, maisha yanaendelea. Diski ya PS3 ni Blu-ray. Data yake ipo karibu sana na uso wa chini, sehemu ya kumi ya milimita tu, wakati ya DVD ipo katikati kabisa. Wameipaka ngozi ngumu ndiyo maana haikwaruziki ovyo, ila ukishaisugua umeondoa hiyo ngozi na hakuna fundi wa kukurudishia. Futa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni, basi.

Ukitokea kuuza, hela iingie kwanza ndipo mzigo uondoke. Kuna mnunuzi alituandikia tumtumie diski "aikague" halafu atalipa. Tulipomwambia alipe nusu, hajajibu mpaka leo.

Mshikaji bado hajaiuza. Kodi ya kibanda inambana kweli, lakini kasha lake alishampa mtu akawekee diski ya Need for Speed, na bila kasha hela ni ndogo. Yule mtu alihamia Kahama. Kama wewe ndiye unayesoma hapa, kasha limeandikwa Hakuna Matata na ubavuni lina BCAS, tafadhali acha ujumbe kwenye maoni hapo chini. Nauli ya kulifuata tunayo.

Nawakilisha.