Picha Moja, Saa Saba Mchana

Kila mtu Nairobi amewahi kuambia mwenzake, "Tupatane Archives." Tukisema hivyo tunamaanisha nje, pale Moi Avenue, ukiangaliana na iliyokuwa Hilton. Nimengojea watu pale miaka mingi bila kuwaza kwamba lile jengo lina mlango. Siku niliyoingia nilisukumwa na mvua. Rafiki yangu alikuwa "amefika tu hapo Ngara," na kama unajua Nairobi unajua hiyo ni nusu saa nyingine. Ilikuwa saa saba, watu wa maofisi wametoka kutafuta chapati madondo, wahubiri wa saa ya lanchi wameshaanza kupaza sauti. Nikalipa kiingilio nikaingia.

Orofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Vinyago, vitambaa, vitu kutoka kila pembe ya Afrika. Nilizunguka dakika kumi nikamaliza kila kitu, yaani sikuona kitu. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, na hata kule hakuna aliyewahi kunifundisha jinsi ya kusimama mbele ya kitu na kukiangalia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu watu ambao waliwahi kufundishwa wakiwa wakubwa, wakiwa na kazi, wakiwa na saa moja tu. Hadithi iliyonishika zaidi ni ya London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Siku 10 kabla ya Uingereza kutangaza vita Septemba 1939, jumba la National Gallery lilianza kuhamisha picha zake. Zilipelekwa Wales, zikatawanywa huku na kule, na mwaka 1941 zikaingizwa ndani ya mlima, kwenye machimbo ya mawe ya Manod. Mlango wa machimbo ulilipuliwa kwa baruti ili upanuke, kwa sababu zingine zilikuwa kubwa kuliko ukuta wa bedsita yangu. Humo ndani zilijengewa vyumba vya matofali vyenye joto na unyevu usiobadilika. Kumbe zilipenda: wataalamu waliona picha zikitulia vizuri mle pangoni kuliko zilivyokuwa London.

London nako jumba likabaki tupu. Kuta zina alama tu za mahali picha zilipokuwa. Kumbi za muziki nazo zilikuwa zimefungwa, na usiku mji mzima ulizimwa taa kwa hofu ya ndege za Wajerumani. Mpiga piano Myra Hess akamwendea mkurugenzi wa jumba, Kenneth Clark, na wazo: kama usiku hauwezekani, tufanye mchana, watu wakitoka kazini kula. Tamasha la kwanza lilikuwa tarehe 10 Oktoba 1939, saa saba mchana. Walitarajia watu wachache. Wakaja kama 1,000.

Kiingilio kilikuwa shilingi moja, bosi na karani bei moja. Akina mama wa kujitolea waliuza sandwichi, na zile za asali na zabibu kavu zikapata umaarufu wake. Mabomu yalipozidi, muziki ulihamishiwa orofa ya chini ya ardhi. Jumba lenyewe lilipigwa mara kadhaa, na Oktoba 1940 bomu lililokuwa limelala humo bila kulipuka lililipuka wakati tamasha linaendelea upande mwingine wa jengo. Hakuna aliyeumia, kwa sababu wanajeshi waliokuwa wakilishughulikia walikuwa wameenda lanchi. Mtu hawezi kutunga kitu kama hicho. Na muziki uliokuwa ukipigwa humo ni wa nani? Bach, Beethoven, wengi wao Wajerumani.

Hadi yalipofungwa Aprili 1946, matamasha yalikuwa 1,698, na waliohudhuria ni 824,152. Piga hesabu: karibu watu 485 kila mara, wa mji unaobomolewa.

Lakini mimi si mtu wa piano. Kilichonishika kilianza Januari 1942. Msomaji mmoja aliandikia gazeti la The Times akisema kwamba kwa vile sura ya London imejaa makovu, watu wanahitaji vitu vizuri kuliko wakati wowote, na akauliza kama haiwezekani kuona hata picha chache. Jumba lilikuwa limenunua picha ya Rembrandt ya bibi mmoja mzee, Margaretha de Geer. Ikatolewa ikaonyeshwa. Kisha ukaja mpango wa Picha ya Mwezi: picha moja inatolewa pangoni Wales, inasafirishwa hadi London, inatundikwa peke yake. Usiku inafichwa, asubuhi inarudishwa ukutani.

Ya kwanza katika mpango huo, Machi 1942, ilikuwa ya Titian, *Noli me tangere*. Maria Magdalena amepiga magoti, ameinua mkono amguse Yesu aliyefufuka, na Yesu anapindisha mwili wake, anajivuta pembeni. Ni picha ndogo tu, juu yake mita moja na kidogo. Hebu waza karani aliyelala kwenye stesheni ya treni za chini, labda ameshazika mtu wake, amesimama hapo na sandwichi mkononi akiangalia mtu anayemfikia mpendwa wake asimfikie. Huyo hahitaji profesa amweleze.

Nafikiri jumba lile halikuwahi kufundisha vizuri kama lilipokuwa na picha moja. Ukiwa na picha elfu mbili na saa moja ya lanchi unatembea tu, kama nilivyotembea mimi kwa Murumbi. Ukiwa na moja, huna pa kukimbilia. Unaangalia mkono, halafu mti ulio nyuma, halafu unarudi kwa mkono.

Sitaki kuipaka sukari. Ile shilingi ya mlangoni ilikuwa na thamani sawa na shilingi ya Afrika Mashariki, na katikati ya mwaka huohuo wa 1939 wafanyakazi Mombasa walikuwa wamegoma wakidai mishahara ya kuwatosha. Saa ya lanchi yenye muziki na Titian ilikuwa ya makao makuu ya himaya. Babu zetu waliopelekwa kupigana Ethiopia na baadaye Burma hakuna aliyewaza kuwaletea picha ya mwezi. Halafu vita vilipoisha picha zikarudi, jumba likataka vyumba vyake, na matamasha yakasimamishwa ingawa Hess na wapenzi wake hawakutaka yaishe.

Basi siku hizi nikiwa na kibarua tao, saa saba naingia Archives na kuchagua kitu kimoja. Mwezi huu ni kinyago kimoja cha mbao, chenye ufa mwembamba kutoka jicho hadi kidevu. Wiki ya kwanza niliona ufa tu. Wiki ya pili nikaona kwamba jicho moja limechongwa chini kidogo kuliko lingine, na sidhani ni bahati mbaya, kwa sababu ukihama hatua mbili kushoto yanalingana.

Jana jamaa mmoja wa suti, kadi ya kazi shingoni, alisimama kando yangu.

"Unaangalia nini hapo, brathe?"

Nikamwambia ahame hatua mbili kushoto. Akahama. Akanyamaza. Akarudi kulia, akahama tena kushoto, kisha akatazama simu. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

"Kesho utakuwa hapa?" akauliza, tayari akielekea mlangoni.