Mikono Kabla ya Vitabu: Habari za Mafunzo ya Kwanza ya Uuguzi katika Nchi ya Nyeri



Katika mikutano ya chama, kila inapofika saa ya kuzungumza habari za karo, huzuka swali moja ambalo si la ubishi bali ni la haki. Mzee husimama akauliza: Mtoto wetu amefaulu vizuri, amekwenda Chuo Kikuu kusomea digrii ya uuguzi kwa miaka 4, nasi tumechanga, mbona aliporudi likizo ya kwanza alisema kwamba amefundishwa kunawa mikono, kutandika kitanda na kuhesabu pumzi? Je, mambo hayo hakuyajua nyumbani kwa mamaye? Yafaa swali hili lijibiwe kwa habari za zamani, kwa maana mambo hayo madogo hayakuingia katika nchi hii kwa urahisi.

Kwanza ni mkono wenyewe. Wakongwe wetu wanajua desturi ya Wagikuyu ilivyokuwa juu ya maiti. Mtu aliyekaribia kukata roho alitolewa nje ya boma ili nyumba isipatwe na thahu, yaani unajisi. Na nyumba aliyofia mtu iliachwa. Aliyegusa maiti hakurudi kukaa na wenziwe mpaka atakaswe. Basi fikirini hali ya kijana wa kwanza aliyeandikwa kazi katika hospitali ya misheni. Misheni ya Skoti ilianza Tumutumu mwaka wa 1908, ikapata daktari wake, Horace Philp, muda si mrefu baadaye. Mapadre wa Consolata walikuwa wamekwisha kufika katika nchi ya Wagikuyu tangu mwaka wa 1902. Vijana waliochukuliwa kuwa madresa hawakuanza na kitabu. Walianza kwa kufagia, kuchemsha maji na kuosha vidonda vya watu wasio wa ukoo wao. Na mgonjwa akifa usiku, mtu alitakiwa ambebe. Somo lao la kwanza lilikuwa kuishinda hofu ya kugusa. Wengi walikuwa wanaume, kwa sababu wazazi hawakukubali upesi binti zao walale mbali na nyumbani na kuwahudumia wanaume wageni. Wasichana walikuja baadaye, na mlango huo waliufungua kwa machozi yao wenyewe.

Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Watu wetu walichukuliwa kwa maelfu kuwa wachukuzi wa mizigo ya jeshi katika ile Kariakoo, jina ambalo limebaki mpaka leo katika miji ya Nairobi na Dar es Salaam, ijapokuwa wengi wapitao sokoni humo hawakumbuki lilikotoka. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, nao wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Mwaka wa 1917 misheni za Ukikuyu ziliunda kikosi chao wenyewe chini ya Daktari John Arthur, na vifo vyake vilikuwa vichache kuliko vya wachukuzi wengine, kwa kuwa watu walitunzwa vema. Hapakuwa na dawa ya ajabu. Palikuwa na uangalizi.

Katika vita hivyo alikuwamo mwanamke ambaye habari zake zinajulikana sana upande wetu huu. Sista Irene Stefani, Mtaliani wa shirika la Consolata, alifika Kenya mwaka wa 1915 akiwa na umri wa miaka 23. Alipelekwa Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, kuwauguza wachukuzi katika hospitali zilizojaa uvundo kuliko dawa. Aliwaosha, akawalisha, akafunga vidonda vyao. Baada ya vita alikaa Gikondi, jirani zetu wa Mukurwe-ini, akitembea milima na mabonde kutembelea nyumba za wagonjwa, hata watu wakampa jina la Nyaatha, yaani mwenye huruma. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1930 alimhudumia mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 ya mwezi huo huo, akiwa na miaka 39.

Jambo hili lataka kutazamwa pande mbili, na mwalimu mzuri wa uuguzi huzitazama zote mbili. Mkono usiogusa hauwezi kuuguza; lakini mkono uliogusa waweza kupokea ugonjwa, na waweza kuupeleka kwa mwingine. Huko Vienna, mwaka wa 1847, Daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi yao. Mwezi wa Aprili walikufa 18 hivi katika kila 100. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na mwezi wa Juni vifo vikashuka hadi 2 hivi katika kila 100. Wenzake wengi hawakumsadiki, wakaona ni aibu mikono ya bwana mkubwa kuitwa michafu. Nami husema hapa, kwa kicheko kidogo, ya kwamba wazee wa Kigikuyu wasingalihitaji kuhubiriwa: kwao aliyegusa maiti hakurudi kati ya watu kabla ya kutakaswa. Sababu waliyoitoa ilikuwa nyingine, ila mlango waliufunga palepale.

Ndiyo sababu mwanafunzi wa leo husimama mbele ya bomba akinawa kwa sekunde 40 hadi 60, viganjani, migongoni mwa mikono, kati ya vidole, na kuzunguka kidole gumba ambacho wengi hukisahau. Hufanya hivyo kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Kitanda nacho si mapambo, kwani kunjo la shuka chini ya mgongo wa mtu asiyeweza kujigeuza huanza kidonda, na mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, mchana na usiku.

Kuhesabu pumzi pia kuna ujuzi wake. Mgonjwa akijua anahesabiwa, hubadili pumzi zake. Kwa hiyo muuguzi hushika kifundo cha mkono kana kwamba bado anapima mshipa, huku macho yakitazama kifua kwa dakika nzima. Na mshipa haupimwi kwa kidole gumba, maana nacho kina mapigo yake. Kisha huandika, saa ile ile, kwa mwandiko usomekao, kwa kuwa atakayepokea zamu hakuwapo.

Hesabu za dawa ndizo zinazoniogofya zaidi. Mtoto wa kilo 10 ameandikiwa miligramu 15 kwa kila kilo. Jumla ni 150. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5. Basi hupewa mililita 6.25. Nukta ikihama mahali pamoja tu, mtoto hupewa mara 10. Kijana aliyezoea kufaulu hesabu karatasini hana budi kujifunza upya kuzifanya akiwa amechoka, saa tisa za usiku, huku mtoto akilia.

Na ulimi usisahauliwe. Bibi wa Othaya anayesema Kigikuyu peke yake hataeleza maumivu yake kwa maneno ya kitabu. Mwanafunzi aliyeona haya kusema lugha ya nyumbani atalazimika kuirudia, kwani pale kitandani hiyo ndiyo chombo cha kazi.

Elimu hii imepanda ngazi kwa ngazi. Chuo cha mafunzo ya utabibu kilianza Nairobi mwaka wa 1927. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha uuguzi wa juu mwaka wa 1968. Digrii zikafuata mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990. Eunice Muringo Kiereini, Mkenya, alikuwa Rais wa Baraza la Wauguzi la Kimataifa tangu 1981 hadi 1985. Leo digrii hiyo inafundishwa hapa hapa Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Ni katika uwanja wa chuo hicho, tarehe 23 Mei 2015, umati mkubwa ulipokusanyika Sista Irene alipotangazwa Mwenye Heri.

Neno moja kwa Kamati. Karo tunalipa, na vitabu tumenunua. Lakini mwanafunzi anayeanza huhitaji pia saa yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia pumzi na mapigo. Na wengine huenda wodini bila saa, wakiazima ya jirani au wakikisia. Naomba jambo hili liandikwe katika mazungumzo ya mkutano ujao, pamoja na bei ya saa hizo.