Madhara ya Cre kwa kromosomu

Madhara ya Cre kwa kromosomu ni uharibifu wa DNA usiokusudiwa unaotokea katika seli za wanyama wa maabara, hasa panya, kutokana na Cre, kimeng'enya kinachotumika kukata na kuunganisha DNA ili kuondoa au kuwasha jeni fulani.

Utendaji

Cre hutoka katika bakteriofaji P1, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria. Hutambua sehemu ya DNA iitwayo loxP, yenye jozi 34 za besi. Watafiti wakiweka loxP mbili zenye mwelekeo mmoja, moja kila upande wa jeni, Cre huiondoa jeni hiyo na kuunganisha ncha zilizobaki. Hivyo jeni inaweza kuondolewa katika ini au ubongo pekee.

Chanzo cha madhara

Jenomu ya panya ina sehemu nyingi zinazofanana kiasi na loxP. Cre kikiwa kingi ndani ya seli, huweza kukata hapo pia. Ncha zikiunganishwa kimakosa, vipande vya kromosomu huhama au hupotea. Zisipounganishwa, seli huacha kugawanyika au hufa.

Mifano

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, akiwemo Mario Capecchi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2007, walieleza kuhusu panya waliotengeneza Cre kwa wingi katika seli zinazokomaa kuwa mbegu za kiume. Madume hao walikuwa tasa ingawa hawakuwekewa loxP. Mayai yaliyorutubishwa na mbegu zao yaliacha kukua katika hatua ya seli mbili.

Mwaka 2001 utafiti mwingine ulionyesha kwamba Cre huzuia ukuaji wa seli za mamalia na kuharibu kromosomu zake. Madhara hayo yalitegemea uwezo wa Cre wa kukata DNA.

Tahadhari

Hatari kubwa ni hitimisho lisilo sahihi: mtafiti hudhani ugonjwa umeletwa na kukosekana kwa jeni, kumbe umeletwa na chombo alichotumia. Kwa hiyo panya wenye loxP bila Cre hawatoshi kwa ulinganisho. Wanahitajika pia panya wenye Cre bila loxP.

Njia nyingine ni kutumia Cre kinachoingia katika kiini cha seli pale tu mnyama anapopewa dawa ya tamoksifeni. Hata hivyo, katika misuli ya moyo wa panya njia hiyo imewahi kudhoofisha moyo bila loxP kuwepo, hivyo dozi ndogo inayotosha hupendekezwa.