Mzungu wa Subukia na Sarafu 30

Kabla ya uhuru, kulikuwa na nchi ndogo ya Ulaya katikati ya Bonde la Ufa. Haikuwa kwenye ramani, lakini kila mtu wa Nakuru aliijua: Njoro, Molo, Solai, Subukia, kote seng'enge. Mwafrika aliishi humo kama skwota, akimlimia mwenye shamba ili aruhusiwe kufuga mbuzi wawili watatu. Ukiniuliza mimi, kiongozi wa mwisho wa maana wa nchi hiyo alikuwa Michael Blundell.

Usimchanganye na Delamere. Yule alifariki 1931. Blundell alizaliwa London 1907, akaja Kenya 1925, akajifunza ukulima na baadaye akapata shamba lake Subukia. Mwaka 1948 alichaguliwa kuwakilisha walowezi wa Rift Valley kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Wakati wa Hali ya Hatari, 1954, aliketi kwenye Baraza la Vita pamoja na gavana na mkuu wa jeshi, wakipanga namna ya kuwamaliza Mau Mau. Kwa hivyo tusimsafishe.

Lakini jamaa alijua hesabu. Wazungu Kenya nzima hawakufika 70,000. Waafrika walikuwa mamilioni. Mwaka 1959 akaacha uwaziri wa Kilimo, akaunda New Kenya Group, kundi la watu wa rangi zote. Mwaka uliofuata, kwenye mazungumzo ya Lancaster House, akakubali jambo ambalo walowezi wengi hawakutaka hata kulisikia: Waafrika wawe wengi bungeni. Aliporudi Nairobi, mlowezi mmoja alimrushia sarafu 30 miguuni pale uwanja wa ndege. Kama unajua habari za Yuda, huhitaji maelezo.

Uchaguzi wa 1961 ndio hunichekesha. Mgombea wa kiti cha Wazungu alitakiwa kwanza apate angalau robo ya kura za Wazungu wenzake, ndipo aende kwa wapiga kura wote. Dhidi ya Cavendish-Bentinck, Blundell aliponea chupuchupu. Hatua ya pili, kura za Waafrika zikambeba. Yaani watu aliokuwa amewapangia vita ndio waliompeleka bungeni!

Alikuwa msaliti? Mimi naona alikuwa dalali mzuri. Alitoa siasa, mali ya walowezi ikabaki salama. Mlowezi aliyetaka kuondoka alilipwa. Serikali ilikopa pesa Uingereza, ikanunua mashamba, na skwota aliyezaliwa humo humo akaambiwa anunue kipande chake kwa mkopo. Wenye pesa na marafiki serikalini wakabeba makubwa. Tarehe 12 Agosti 1963, Kenyatta alikuja Nakuru kuwaomba walowezi wabaki, yaliyopita yasahaulike. Mkutano ule haukuwa wa maskwota.

Blundell mwenyewe alibaki. Alistaafu siasa, akaandika kitabu kuhusu maua ya mwituni, akafariki 1993. Mwaka mmoja kabla, majirani walikuwa wakichomeana nyumba Molo kwa sababu ya mashamba. Ikawa hivyo tena 2008.

Siku hizi tukiongea kuhusu vita hivyo, tunataja makabila tu. Mtu akikwambia tena ati shida ya ardhi Rift Valley ni kabila, muulize: nani alilipwa akaenda zake, na nani aliachiwa deni?