Mgeni Siku Mbili: Kuwatembeza Wageni Wetu kwa Kuanzia Weston

Wahenga wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hapana shaka waliosema hivyo hawakuijua Kanada, lakini hesabu yao ilikuwa sawasawa. Huku ugenini siku za kumtembeza mgeni ni mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu alfajiri jembe tunalishika sisi wenyewe, na mgeni hubaki nyumbani akichungulia dirishani. Kwa sababu hiyo kila familia yetu iliyoko hapa imejitungia ratiba ya siku mbili hizo, na ukizikusanya ratiba zote utakuta ni moja: mnara, maduka makubwa, maporomoko ya Niagara, picha, kisha uwanja wa ndege.

Mimi pia nilikuwa na ratiba yangu. Nilifundisha historia na jiografia Unguja kwa miaka kumi kabla ya kuhamia Weston mwaka 1993, na mwalimu hata akistaafu haachi kupanga vipindi. Nataka kuwaeleza wasomaji wa kitabu chetu hiki namna ratiba hiyo ilivyovunjwa na bibi mmoja kwa swali moja, na historia niliyojifunza kwa sababu yake. Huenda ikawafaa wale watakaopokea wageni kiangazi kijacho.

Mwezi wa Julai 2017 alitujia shangazi yangu kutoka Unguja, naye amekwisha pita umri wa miaka themanini. Alikuwa njiani kwenda kwa binti yake Ottawa, akakaa nasi Jumamosi na Jumapili. Nilimpangia mahali saba. Mke wangu alinionya, akaniambia, "Baba watoto, huyo ni mtu mzima, si mwanafunzi wako." Sikumsikia.

Jumamosi saa tatu za asubuhi tulipanda treni katika stesheni ya Weston. Hata stesheni hiyo ina khabari yake. Reli ilifika Weston mwaka 1856, wakati hapa ni kijiji cha vinu kando ya Mto Humber. Treni ya haraka iendayo uwanja wa ndege wa Pearson ilianza tarehe 6 Juni 2015. Mwanzoni ilikusudiwa ipite Weston bila ya kusimama, wakaazi wakapiga kelele miaka mingi mpaka wakapewa kituo. Leo kwa robo saa hivi unakuwa umefika Union Station, katikati ya mji. Mgeni aambiwe hayo, ajue kwamba hapa pia mtu hupata chake kwa kukidai.

Tukaenda kwenye mnara wa CN. Ulifunguliwa mwaka 1976, na urefu wake ni mita 553. Ulijengwa na shirika la reli kwa ajili ya mawimbi ya redio na televisheni, yaliyokuwa yakizuiwa na majumba marefu yaliyokwisha ota mjini. Hadi mwaka 2007 haukuwa na mshindani duniani, ndipo ulipopitwa na jumba la Dubai. Yote hayo nilimweleza shangazi kwa sauti ya darasani. Akautazama kutoka chini, akasema, "Mwanangu, huu nimeuona katika picha zako zote. Ndio huu huu." Akakataa katakata kupanda.

Tukapita Barabara ya Yonge. Ghafla akanishika mkono. Mbele yetu palikuwa na maandishi makubwa ya taa: ZANZIBAR. Akafurahi kama mtoto. "Tuingie tukawaamkie watu wetu," akasema. Ilinibidi nimweleze, huku nimeinamisha uso, kuwa ile ni nyumba ya pombe na ngoma za wanawake, na jina letu walilichukua bila ya kutuuliza. Shangazi akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. "Basi jina limesafiri zamani kuliko mimi," akasema. Hapo miguu ikamwisha, na ilikuwa bado saa sita. Mahali pangu saba palikuwa pamekuwa pawili.

Tulirudi Weston. Baada ya sala ya alasiri nilimpeleka ng'ambo ya mto, katika bustani ya Raymore, ambako familia zetu huenda kutandika mikeka kila Idi inapoangukia wakati wa joto. Nyasi ni nyingi, miti mikubwa, watoto wanapiga mpira. Mke wangu akafungua sambusa na chupa ya chai. Shangazi akatazama huku na huku, kisha akaniuliza: "Ardhi yote hii tambarare, maji karibu, na mji umejaa watu namna hii. Mbona hapana nyumba?"

Nilinyamaza. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kuuliza "kwa nini" kila siku, nilikuwa nimekula na kulala usingizi juu ya nyasi zile kwa miaka ishirini na minne, na swali hilo halikunipitia. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitembeza mbwa wake, ambaye nilimuuliza nikiona haya. Akatuonyesha kwa bakora yake. "Nyumba zilikuwapo," akasema. "Zilikuwa hapa mlipokaa. Zilichukuliwa usiku mmoja."

Wiki iliyofuata nilikwenda maktaba ya Weston iliyoko King Street, jengo zuri lililofunguliwa mwaka 1914 kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, nikasoma mambo niliyopaswa kuyajua tangu zamani.

Mwezi wa Oktoba 1954 tufani iliyoitwa Hazel ilitoka bahari ya Karibi, ikaua mamia ya watu Haiti, ikaingia nchi kavu ya Marekani asubuhi ya tarehe 15, na usiku wa siku hiyo hiyo ikaifikia Toronto. Watu hawakuitazamia, kwani mji huu uko mbali na bahari. Mvua ilikuwa imekwisha nyesha siku nyingi kabla yake na ardhi imeshiba, haikuweza kunywa zaidi. Kaskazini ya mji, upande wa Brampton, zikanyesha milimita zaidi ya 200 kwa muda wa siku mbili, na maji yote hayo yakateremkia katika mabonde.

Pale Raymore Drive palikuwa na daraja la waendao kwa miguu. Upande wake mmoja uling'olewa na mafuriko, daraja likageuka likakaa mtoni kama lango, likayasukuma maji yakaelekea majumbani. Nyumba 14 zilichukuliwa na wenyewe wamo ndani, na katika mtaa huo mmoja wakafa watu 35. Chini zaidi ya mto huo huo wazima moto watano wa kujitolea walikufa maji walipokwenda kuwaokoa watu waliokwama garini. Katika jimbo zima waliokufa walikuwa 81.

Baada ya msiba huo wakuu waliamua jambo moja la busara: mahali ambapo mto umekwisha pitia, mtu asilale tena. Mwaka 1957 zikaunganishwa idara za kuhifadhi mabonde ya mito ya eneo hili, ardhi zikanunuliwa, na kingo za mito zikafanywa bustani za watu wote. Kumbe ukijani tunaousifia kwa wageni wetu, tunaodhani ni ukarimu wa mji tajiri, ulinunuliwa kwa roho za watu. Tunatandika mikeka yetu pale ambapo watu walitandika vitanda vyao.

Nilimpigia simu shangazi Ottawa nikamsomea hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwetu pia ilikuwako tufani. Bibi yangu alihadithiwa na wazee wake kuwa minazi ililala chini kama mikeka."

Maneno yake ni kweli tupu. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Sultani Barghash, tufani iliipiga Unguja. Sisi tuko karibu mno na ikweta, na tufani za namna hiyo ni nadra kutufikia, kwa hiyo watu wa wakati ule nao hawakuitazamia. Vyombo vingi vilizama bandarini, pamoja na merikebu za Sultani mwenyewe, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'oka. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika. Mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa vizuri, hivyo bei ya karafuu ikapanda, na wenye mali wakaelekea Pemba kupanda. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu, mpaka leo. Hayo nimeyafundisha mara nyingi, na sikuwahi kudhani kuwa nakaa kando ya mto wenye khabari ya namna ile ile. Tufani moja iliihamisha mikarafuu kisiwa kizima, na nyingine iliwahamisha watu kutoka mabondeni.

Tangu mwaka ule nimeiandika upya ratiba yangu, nami naitoa hapa kwa faida ya wote.

Jumamosi asubuhi mgeni aanze na mahali unapokaa. Mpitishe kando ya Mto Humber na umwambie kuwa njia hiyo ni ya kale: wenyeji wa asili walibeba mitumbwi yao mabegani kwa zaidi ya kilomita 40 kutoka ziwa hili mpaka Ziwa Simcoe, kama wapagazi wa Bagamoyo. Muonyeshe Raymore na umpe khabari yake. Mchana pandeni treni mshuke kituo cha Bloor, mtembee mpaka msikiti wa Jami, Boustead Avenue. Lilikuwa kanisa lililojengwa mwaka 1910, Waislamu wakalinunua mwaka 1969, nao huitwa mama wa misikiti ya Toronto.

Jioni mpelekeni Barabara ya Gerrard upande wa mashariki, ambako mwaka 1972 lilifunguliwa jumba la sinema za Kihindi lililoitwa Naaz, na maduka na mikahawa ikaota pembeni yake. Mwaka huo huo ndugu zetu Wahindi wa Uganda walifukuzwa na Idi Amin, na Kanada ikapokea maelfu. Agizeni mishkaki na mkate wa nani wa moto, kisha mnunue barabarani mahindi ya kuchoma yaliyosuguliwa ndimu na pilipili. Mgeni wa Unguja atafumba macho ajione yuko Forodhani.

Jumapili iwe ya mahali pamoja tu. Mimi huchagua Makumbusho ya Aga Khan, yaliyofunguliwa mwaka 2014 katika Wynford Drive. Humo mna karatasi ya Msahafu wa buluu ulioandikwa kwa dhahabu huko Afrika ya Kaskazini, na mna sehemu ya kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilichonakiliwa mwaka 1052. Aliyesoma chuoni akiwa mdogo, hata kama hakuzidisha, atasimama mbele ya herufi hizo na machozi yakamlenga. Kisha rudini upande wa Weston mle chakula cha mchana kwa Wasomali wa Dixon Road: wali, nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Mgeni akiuliza ndizi ni ya nini, mwambieni aile pamoja na wali, asingoje mwisho.

Mnara hauhitaji kipindi. Utauona kutoka kila mahali, nao haumwambii mgeni lolote juu yenu.

Bali hilo la kwanza msiliruke. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa na kesho nao watakuwa wenyeji wa kupokea wageni. Wakiwa hawaijui khabari ya mahali walipo, watabaki wapangaji hata kama nyumba ni zao. Shangazi alikaa siku mbili tu na akaliona nililokuwa sijaliona miaka yote ile, kwa sababu aliitazama ardhi kama mtu wa shamba. Basi mgeni wako akikuuliza mbona hapana nyumba, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Mjibu. Na siku ya tatu, akitaka jembe, mpe: bustani zetu za mchicha nyuma ya nyumba hazikosi magugu.