Dirk Bogarde: Barua Zilizozaa Mwandishi

Dirk Bogarde alizaliwa London mwaka 1921, mwana wa mhariri wa sanaa wa gazeti la The Times. Baada ya kutumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili aliingia katika sinema, na filamu ya Doctor in the House (1954) ikamfanya kipenzi cha watazamaji wa Uingereza. Mwaka uliofuata aliigiza katika Simba, filamu iliyotazama vita vya Mau Mau kwa jicho la walowezi wa Kenya.

Umaarufu huo haukumtosha. Katika Victim (1961) alikuwa wakili anayeficha mapenzi yake kwa mwanamume, zama ambazo sheria ya Uingereza ililihesabu jambo hilo kuwa jinai. Sheria hiyo haikulegezwa mpaka 1967. Zikafuata The Servant (1963) na Death in Venice (1971). Lakini katika kazi zote hizo, maneno aliyoyatamka yalikuwa ya wengine.

Maneno yake mwenyewe yalipita kwanza katika barua. Tangu 1967 aliandikiana na mwanamke aliyekuwa Marekani, ambaye zamani aliishi katika nyumba iliyokuja kuwa ya Bogarde. Hawakuonana hata siku moja, hadi bibi huyo alipofariki mwaka 1972. Msomaji huyo hakuuona uso wala kuisikia sauti. Ilibidi kila kitu kibebwe na neno. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1989.

Norah Smallwood, wa Chatto & Windus, alimwona katika mahojiano ya televisheni akamhimiza aandike kitabu. Tawasifu ya kwanza, A Postillion Struck by Lightning, ilitoka 1977, alipokuwa akiishi kusini mwa Ufaransa. Hadi alipofariki mwaka 1999, alikuwa ameandika riwaya 6 na tawasifu kadhaa.

Katika A Short Walk from Harrods (1993) alisimulia maradhi na kifo cha Tony Forwood, meneja wake aliyeishi naye miaka mingi. Huzuni imo, tena nzito; mapenzi yao aliyaacha nyuma ya pazia. Aliyethubutu kuiazima siri ya mhusika wa filamu uso wake, siri yake mwenyewe hakuipa kalamu. Uandishi ulimpa uhuru wa kusema, naye akautumia pia kunyamaza.