Mashine ya betri ya kukata nyasi

Mashine ya betri ya kukata nyasi ni kifaa cha kusukumwa kwa mkono ambacho kisu chake huzungushwa na mota ya umeme. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilibuniwa Uingereza mwaka 1830 na Edwin Budding. Ya betri haina petroli, moshi wala waya wa kuburuta.

Katika miji ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nyua nyingi zina nyasi za kikuyu, mmea wa asili wa nyanda za juu za Afrika Mashariki uliosambaa hadi Australia na California. Hutambaa kwa vikonyo vinene na kufuma zulia zito. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huzichochea mno, na hapo ndipo betri hupimwa: yenye volti 36 na ampea-saa 5 huhifadhi wati-saa 180 tu, nazo huisha upesi kwenye nyasi ndefu au mbichi.

Kwa hiyo ni busara kufyeka kwanza kwa slasha, kisha kuinua kisu na kupunguza theluthi moja ya urefu kila mara. Kwenye mteremko, mashine husukumwa kukingama, si kupanda na kushuka. Betri huchomolewa kabla ya kugusa kisu.

Chaja iliyoletwa kutoka Marekani ikaguliwe kwanza, maana umeme wa Kenya ni volti 240. Nyasi zilizokatwa, zikiwa safi, hupelekewa ng'ombe zizini.